Kuhusu Chupa Inayodaiwa Langoni Pangu

Njia ya Stesheni, Wenlow
Alhamisi, 11 Mei 1944, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi

Kwa Kanali Daktari Hallam Pargeter,
Mganga Mkuu, Hospitali ya Jeshi, Wenlow

Ndugu Kanali Daktari,

Sikuulizi hali, maana kazi ya kuuliza hali ni yako, na yangu unaijua mpaka ndani ya mishipa. Nakuandikia kwa heshima zote, tena kwa mkono uleule wa kulia ambao wewe uliuokoa, nikuombe usimamishe mara moja ile chupa.

Hivi ninavyoandika, Sista Olwen Prosser amesimama langoni pangu na baiskeli yake. Amefuata maji yangu ya asubuhi. Neno lenyewe sitaliandika. Nilikuwa stesheni masta wa mji huu kwa miaka thelathini na moja, na hata choo cha abiria nilikiwekea kibao cha Chumba cha Mapumziko. Jana nilimrudisha mikono mitupu. Leo nimemwambia kupitia dirishani asubiri, kuna barua. Akanijibu kwa sauti iliyosikika mtaa mzima:

"Barua haichujwi, Mzee Tuckwell! Mimi nimefuata chupa!"

Sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba sikujua chupa hiyo ni ya nini. Najua. Ninyi madaktari mmegundua kwamba penisilini haikai mwilini: inaingia kwa sindano, inazunguka, kisha sehemu yake kubwa inatoka vilevile ilivyoingia, na mwenye subira anaweza kuichuja akampa mgonjwa mwingine. Mgonjwa huyo mwingine ni Hester Lovibond, yule anayekata tiketi kwenye dirisha lililokuwa langu. Amejifungua siku tisa zilizopita, na sasa amelala wodi ya raia na homa ya uzazi. Dawa ya Wenlow imekwisha. Nyingine itafika Jumamosi kwa treni ya saa nne na dakika kumi. Ile kidogo iliyobaki mligawa, nusu yake, nusu yangu, mkihofia kwamba mkiniachia njiani mkono wangu utarudia ubaya wake. Tone la mwisho nilichomwa mimi, leo alfajiri, saa kumi na moja. Kinachotoka mwilini mwa Hester mnamrudishia, lakini hakitoshi. Kwa hiyo dawa yote iliyopo Wenlow kati ya leo na Jumamosi imo ndani yangu mimi, na ingali imo, kwa kuwa tangu saa kumi na moja sijakwenda haja.

Namwonea huruma Hester, nasema bila unafiki. Lakini mtu ana heshima yake, na malalamiko yangu ni haya.

LA KWANZA. Unakumbuka kwamba mwezi wa Machi niliandika gazetini kuuliza swali moja jepesi. Hii ni dawa ambayo magazeti yote yanaiita muujiza. Ni haba kuliko ndizi, ambazo hapa Uingereza hatujaziona tangu mwaka wa arobaini. Mbona basi anayepewa kwanza ni askari aliyejiletea ugonjwa wa zinaa kwa miguu yake mwenyewe, wakati aliyepasuliwa paja na kombora anasubiri? Uliitisha mkutano ukumbini ukatueleza kwamba amri imetoka juu. Ulisema, nanukuu: "Wa zinaa nikimchoma leo, wiki ijayo ameshika bunduki. Wa paja nikimponya, anakwenda kwao na magongo." Nilikuelewa vizuri sana, na nikazidi kukasirika. Katika stesheni yangu, aliyeruka ua bila tiketi hakupata kupandishwa daraja la kwanza eti kwa sababu ana haraka.

LA PILI. Nilikuwa katikati ya barua yangu ya nne juu ya jambo hilo, nimefika kwenye neno "uchafu", ncha ya kalamu iliponiteleza ikanichoma dole gumba. Sikujali. Siku ya tatu mkono ukawa umeumuka kama mkate, na mstari mwekundu ukapanda mpaka kwapani. Mke wangu Millicent, ambaye ndoa yetu ina miaka arobaini na sijawahi kumsikia akipaza sauti, alinisimamia kitandani akalia: "Andika basi! Si ulikuwa unaandika? Andika tuone!"

Ukaja wewe. Ukasema dawa ya Jeshi ni ya Jeshi, imeandikwa daftarini kila chembe, raia haruhusiwi. Kisha ukashusha sauti ukasema kuna nyingine kidogo ambayo haimo katika daftari lolote. Nikadhani unazungumzia masalio chini ya chupa. Mfa maji haachi kutapatapa, nami sikuuliza. Nililalamikie hili wazi: ilikuwa wajibu wako kunilazimisha niulize.

LA TATU. Niligundua hivi. Siku ya nne ya kulazwa kwangu nilikuwa bustanini kwenu, mkono umefungwa, nasoma gazeti. Ng'ambo ya matuta ya vitunguu walikuwa askari wa wodi ya zinaa, wamevaa suti zao za buluu za wagonjwa, wanavuta sigara. Mmoja akanipungia mkono. Alikuwa askari Wilf Ockenden, ambaye katika barua yangu ya pili gazetini nilimtaja kama "kijana mrefu mwenye mdomo", baada ya kumkuta chumba cha kusubiria treni na msichana ambaye hakuwa anasubiri treni.

"Mzee Tuckwell!" akaita. "Mkono vipi? Leo nimekunywa majagi mawili kwa ajili yako!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamuuliza Sista, yule ana wazimu gani. Sista Olwen alinieleza pale pale dawa yangu ilikotoka, huku akinikunjia shuka magotini, kwa sauti ileile anayotumia kutaja uji wa asubuhi. Nilitazama mkono wangu. Nikatazama jagi la Ockenden. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilitamani ule mstari mwekundu urudi.

Na Ockenden, badala ya kuona haya, akaja mpaka kwenye matuta akainama kidogo. "Usijali, Mzee wangu. Wewe umenitukana gazetini, mimi nimekuponya bustanini. Ngoma droo." Kisha akanipa sigara. Niliipokea kwa sababu nilikuwa sina nguvu za kukataa.

LA NNE, ambalo ni la sera, na ningependa lipelekwe juu. Magazeti yanaidanganya nchi. Kila wiki ni picha ya mabwana wenye makoti meupe, na mabishano marefu juu ya nani aliuona kwanza ule ukungu unaozaa penisilini na nani anastahili sifa. Sijaona hata picha moja ya Ockenden na jagi. Matokeo yake watu wanaamini ukungu wowote ni malaika. Jirani yangu Bi. Pomfret ameanika jemu iliyoota ukungu dirishani, na wiki iliyopita alimpaka mumewe kwenye jipu la shingo. Mumewe bado ana jipu, na sasa ana nzi. Mimi nimeombwa nisimame kanisani Jumapili nitoe ushuhuda wa muujiza ulionifika. Nishuhudie nini, Kanali Daktari? Nianzie wapi?

Napendekeza dawa hii ipangwe kwa madaraja, kama mabehewa. Daraja la kwanza: ile mpya, ambayo haijapita kwa mtu. Daraja la pili: iliyopitia kwa majeruhi wa vita. Daraja la tatu: iliyopitia kwa Ockenden. Kila chupa iandikwe daraja lake, na mimi nipewe cheti cha kuonyesha nilisafiri na lipi, nijue la kusema kanisani.

Hapo linazuka swali ambalo limeninyima usingizi. Dawa ya daraja la tatu ikiingia ndani ya mtu mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, aliyestaafu bila doa, je, inatoka ikiwa bado ya tatu? Hoja yangu ni kwamba haiwezekani. Lazima inapanda angalau hadi la pili. Ikiwa ndivyo, basi Hester Lovibond atapata dawa bora kuliko niliyopata mimi, ilhali mimi ndiye niliyeandika barua mwaka wa arobaini na moja kupinga wanawake kukaa kwenye dirisha la tiketi. Huo ni uonevu ulio wazi, na sioni mnavyoweza kuutetea.

LA TANO. Hapa nitakuwa mfupi kidogo, kwa sababu ambazo wewe kama daktari utazielewa.

Wodi ya magonjwa ya zinaa ilihamishwa kutoka Wenlow siku ya Jumatatu. Ilihamishwa kwa juhudi zangu. Sahihi mia mbili na kumi na nne nilizikusanya mimi, nyumba kwa nyumba, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye bandeji mliyonifunga ninyi. Mwanzoni nilifikiri niache. Kisha nikaona kwamba mtu wa msimamo haachi kanuni kwa ajili ya dole gumba.

Nilikwenda stesheni kuwaona wakiondoka. Nilisimama jukwaani na saa yangu. Hester hakuwepo dirishani, nikaambiwa yuko kitandani na mtoto wake, nikasema hongera kwake. Treni iliondoka kwa wakati. Ockenden alitoa kichwa dirishani akanipigia saluti, na behewa lilipoanza kusogea akaita: "Mzee! Sasa nani atakunywa maji?"

Nilidhani ni ufidhuli tu. Jumanne ndipo nilipoambiwa kwamba dawa nayo imeondoka, kwa kuwa kwa amri ya Jeshi dawa inafuata wagonjwa wake. Nataka ieleweke: mimi niliomba dhambi ihamishwe. Sikuomba dawa ihamishwe. Hakuna aliyeniambia kwamba vitu hivyo viwili vinasafiri behewa moja.

LA SITA. Basi nimebaki mimi. Mjini kote hakuna mwingine. Kila asubuhi ni kengele ya baiskeli, kikapu, na chupa ya maziwa, naam, ya maziwa, imebandikwa lebo ya herufi kubwa: TUCKWELL – ASUBUHI. Mimi ndiye niliyewafundisha wapagazi wa Wenlow kubandika lebo kila kitu. Sikutarajia. Bi. Pomfret anafungua pazia kengele ikilia, na juzi muuza maziwa alisimama akaiangalia ile chupa kwenye ngazi, akaniangalia mimi, akaondoka bila kuniachia maziwa.

Jana nikasema basi. Sindano nikapokea, chupa nikaikatalia. Sista Olwen akafunga kikapu chake. "Kula unakula, Mzee," akasema, "kutoa hutoi." Tangu hapo nimegoma kunywa chai. Millicent ananiwekea kikombe mezani kila baada ya nusu saa, kinapoa, anakiondoa, analeta kingine. Afadhali angelia.

LA SABA. Jana jioni mama mkwe wa Hester, Bi. Agatha Lovibond, alisimama langoni na kigari cha mtoto. Mwanawe yuko na Jeshi kule Italia na hajui lolote. Alikuwa na mayai mawili kwenye leso. Mwaka huu, Kanali Daktari, ambapo mtu anagawiwa yai moja kwa wiki.

"Sijaja kuomba kitu, Bwana Tuckwell," akasema. "Nilikuwa napita tu."

Njia ya Stesheni haiendi kokote. Inaishia kwangu. Nikamwambia mayai yake arudi nayo, akayaacha juu ya nguzo ya lango. Akaniambia mtoto ni wa kike na anakunywa vizuri kwa chupa. Kisha akasema Hester haachi kuongea, homa imempanda kichwani, na anachosema ni treni tu. "Anaitangaza ile ya saa mbili na robo. Anasema imechelewa, imechelewa, na Bwana Tuckwell atamkasirikia. Nikamwambia hutakasirika. Nimesema uongo?"

Niliingia ndani, na niliona aibu, ambayo haimo katika malalamiko haya na sijui niiweke namba gani.

Nalisema hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kulegeza hoja: tangu Hester akae dirishani, ya saa mbili na robo haijapata kuchelewa hata dakika moja. Zama zangu ilichelewa mara tisa. Ninazo zote, nimeziandika.

Nalalamika, kwa hiyo, kwamba si haki kumtuma mwanamke mzee mwenye mayai mawili kuja kumvunja nguvu mtu aliye katikati ya hoja. Kama hukumtuma wewe, basi nalalamika kwamba alikuja mwenyewe.

LA NANE nimelisahau. Naandika nimesimama. Sista amepiga kengele mara tatu, na Millicent amesimama mlangoni na ile chupa mkononi, ameishika shingoni kama kuku.

Kwa kumalizia, basi, naomba yafuatayo: chupa isimamishwe leo hii, lebo yenye jina langu ichomwe moto, madaraja ya dawa yafikishwe Wizarani, na nipewe barua ya kuomba radhi, ambayo nitaisoma kanisani badala ya ushuhuda. Nisipojibiwa hadi Jumamosi nitakusanya sahihi.

Nisalimie wauguzi wote wa zamu, mpishi wa uji, yule mzee wa kitanda cha kumi na moja aliyekuwa akikoroma, na kama kuna anayemwandikia Ockenden, basi na yeye. Ni mimi, ambaye mkono wake umepona na moyo wake haujatulia,

Percival Tuckwell
Stesheni Masta (Mstaafu), Mzee wa Kanisa, Wenlow

Tanbihi. Sista atakukabidhi barua hii pamoja na chupa. Chupa ndiyo ya haraka. Barua isome ukipata nafasi, hata baada ya vita.

Imejaa mpaka shingoni. Ni mkojo wangu, naliandika neno lenyewe ili pasiwe na utata huko maabara, wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na hakuna hata tone lililopotea njiani. Wa jana niliumwaga kwenye kabichi. Hilo silitetei, na usinisamehe mpaka Hester awe ameketi. Ile lebo nimeibandua nikaandika nyingine kwa mkono wangu: LOVIBOND, WODI YA RAIA. HARAKA. ISICHELEWESHWE POPOTE.

Millicent ametia kwenye birika majani ya chai ya mgawo wetu wa wiki nzima. Niko kikombe cha tatu na nitaendelea. Mwambie Sista arudi saa nne, na tena saa sita, na apige kengele kwa nguvu, Bi. Pomfret akitaka kuangalia, aangalie.

Nimemwona Sista akiondoka langoni nikiwa na saa yangu mkononi, nikamwita arudi achukue mstari huu mmoja zaidi. Hester akiuliza, mwambie ya saa mbili na robo imeondoka kwa wakati.